Bibi alinirudishia pesa zangu kwa bodaboda

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Mikindani. Baiskeli nimeiegemeza ukutani tangu wiki iliyopita, na kila nikiipita sijui kama niitoe tena au niitafutie mteja.

Nina miaka 27. Ni karani wa mizani kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kazi ya msimu. Korosho zikianza kuingia ghalani mwezi wa kumi sipati hata nafasi ya kula. Zikiisha, nakaa miezi nahesabu siku. Baada ya msimu uliopita nilinunua baiskeli ya gia, ya mtumba. Nikaizoea kwa kwenda Mtwara mjini na kurudi, kisha safari ndefu ndefu kidogo, mpaka nikaweka nia: nitoke hapa niende Dar es Salaam, kama kilomita 560, peke yangu. Malazi nilipanga kuomba kwa watu njiani. Sikuwa mikono mitupu, nilikuwa na laki moja na nusu. Lakini tangu nikiwa mdogo nimeona Wazungu wa baiskeli wakipita hapa Mikindani, mabegi yananing'inia pande zote mbili za gurudumu. Wanapokelewa, wanatandikiwa mkeka, watoto wanawazunguka. Nikajiuliza: kama tunampokea mtu tusiyeelewana naye hata lugha, mimi niliyezaliwa hapa nitakosaje pa kulala?

Mjomba, ambaye ndiye aliyenilea, alikataa. Alisema, "Mzungu akigonga mlango, watu wanaona mgeni. Wewe ukigonga, wataona mke wa mtu kakimbia." Sikumsikiliza. Niliondoka alfajiri, nikamtumia ujumbe nikiwa nimeshapita Mpapura.

Siku ya kwanza nilifika Lindi salama, nikalala kwa rafiki niliyesoma naye. Siku ya pili nikaipita Mchinga, jua likawa kali, na mnamo saa kumi jioni nikaingia kijiji kimoja kabla ya Mbwemkuru. Nikakaa chini ya mwembe karibu na kisima. Kuna bibi alikuwa anateka maji, akaniuliza, "Unakwenda wapi na chuma hicho, mjukuu wangu?" Nikamweleza. Akacheka, akasema kamata ndoo hii twende nyumbani.

Shangazi, nyumba yake ina chumba kimoja na ukumbi. Alinipa kitanda chake cha kamba, yeye akalala mkekani na mjukuu wake wa kiume wa miaka kama sita. Uwanjani nilikuta kuku mmoja tu, tetea mweusi, na jioni ileile alimchinja. Nilimwomba asichinje, akaniambia ninyamaze. Tulipokula alijipakulia mchuzi peke yake na ugali wa muhogo, akasema meno yake hayawezi nyama. Asubuhi alipokwenda kisimani nilitoa noti mbili za elfu kumi, nikazikunja mara nne, nikaziweka chini ya mto. Nikamuaga njiani akiwa na ndoo kichwani, nikaondoka.

Nilikuwa nimesimama darajani Mbwemkuru nakunywa maji niliposikia honi ya pikipiki nyuma yangu. Kijana wa bodaboda akanipa kipande cha kanga, chekundu na cheusi. Kona moja imefungwa fundo, na ndani ya fundo noti zangu mbili, zimekunjwa vilevile mara nne. Ndani ya kanga yenyewe kulikuwa na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini tunayokula huku kwetu, bado ina joto. Akasema, "Bibi kasema hivi: mwambie mjukuu wangu, mimi sikuuza kuku." Nikataka kumlipa nauli, akakataa. Alikwisha kulipwa kisado cha mbaazi. Yaani bibi alinilisha, nikamuudhi, na bado akatoa mbaazi zake kunirudishia pesa. Nililia pale darajani mpaka yule kijana akaona aibu akaondoka.

Siku hiyohiyo mambo yakaharibika zaidi. Tairi la nyuma lilipata pancha mara mbili, na mara ya pili nikakuta solusheni imekauka. Nikasukuma baiskeli mpaka giza likanikuta kwenye senta ndogo ya barabarani. Mwenye duka akaniambia nilale stoo kwake juu ya magunia, "bure tu dada". Usiku wa manane akaja kugonga. Kwanza polepole, akiita dada, kisha akawa anasukuma. Niliegemeza baiskeli mlangoni, na mimi nikaegemea baiskeli, mpaka akachoka akaondoka. Kulipopambazuka nikapandisha baiskeli kwenye basi la kwanza linalorudi Lindi.

Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Sasa umeonja," akaendelea kushona wavu.

Shangazi, nilimkosea nini yule bibi? Nifanyeje sasa? Na hii safari, niiache kama Mjomba anavyotaka, au niimalize? Maana kusema kweli, mchana ule wa siku ya pili, upepo ukiwa mgongoni, sijawahi kujisikia vile maishani.

Msichana wa Mikindani

---

Marahaba mwanangu.

Nianze na yule mwenye duka, maana naona umemweka mwishoni mwa barua kama kitu cha kukuaibisha wewe. Aibu ile ni yake yote. Mtu aliyekufungulia stoo usiku kisha akaja kuusukuma mlango hakuwa mkarimu aliyepitiwa. Alikuona uko peke yako, umechoka, baiskeli haina upepo, akapiga hesabu. Wewe uliweka chuma mlangoni ukakaa macho. Ulifanya sawasawa. Nakuomba kitu kimoja tu: habari ile isiishie kwangu. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi kilicho karibu nawe, ueleze ni senta gani na duka la upande gani wa barabara. Kama unaona uzito kwenda peke yako, mwambie Mjomba akusindikize. Magunia yale bado yapo, na msichana mwingine atakwama pale siku moja.

Sasa tuje kwa Bibi.

Mwaka 1998, baada ya mvua za El Nino, nilikuwa kwenye basi kutoka Dar kuja Lindi. Siku hizo Daraja la Mkapa halijajengwa, lilikuja kufunguliwa 2003. Rufiji tulivuka kwa pantoni. Lami nayo kipande cha Ndundu hadi Somanga haikuwapo kabisa. Basi letu lilizama kwenye tope katikati ya pori hilo, tukakaa siku tatu. Watu wa vijiji vya jirani walitujia. Walikuwapo waliokuja kuuza: chai, mihogo ya kukaanga, mayai ya kuchemsha, na walitaja bei kabla hujagusa. Hao tuliwalipa na hakuna aliyenuna. Na walikuwapo waliotoa. Mama mmoja alikuja na bakuli la uji akamkabidhi abiria aliyekuwa na mtoto mchanga, akakaa pembeni kusubiri bakuli lake. Mwanamume mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akamuuliza, "Shilingi ngapi?" Yule mama hakujibu. Aliangalia chini kwa muda mrefu, halafu akaanza kuchuna majani kwenye kanga yake moja baada ya jingine. Mpaka leo nauona mkono ule.

Tofauti tuliijua bila kuambiwa: anayeuza hutaja bei. Bibi yako hakukutajia bei. Alikupa ndoo ubebe, na kwa kukupa ndoo alishakuhesabu kuwa wa nyumbani. Halafu asubuhi wa nyumbani akamwekea noti chini ya mto, mahali mtu anapoacha pesa ya gesti.

Lakini usijilaumu kupita kiasi, kwa sababu moyo uliokutuma ulikuwa mzuri. Ulimwona amekula mchuzi mtupu, ukaumia. Nikuambie pale ninapoona ulikosea hasa: ni kuficha. Ulingoja aende kisimani. Kama ungemkabidhi mkononi angekataa, mngevutana kidogo kama tunavyovutana siku zote, angekuambia basi mnunulie mtoto daftari, na mambo yangekwisha kwa kicheko. Ulipoziweka chini ya mto ulimnyima nafasi ya kukataa. Akazikuta peke yake, hana wa kumwambia "chukua vitu vyako". Ikabidi atafute bodaboda apate pa kusemea.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na naomba uusome polepole maana ndio utakaokufaa barabarani. Mwenye kuku mmoja hawezi kukwambia hapana. Mila haimruhusu, majirani wanaangalia, na yeye mwenyewe hajiruhusu. Kwa hiyo msafiri anayetegemea wema wa watu ana kazi ambayo hakuna atakayemkumbusha: kuhakikisha anayempokea ana njia ya kukataa bila kuaibika. Bibi alikualika mwenyewe, huko hukukosea. Lakini huwezi kwenda kilomita 560 ukisubiri kualikwa na wajane kisimani.

Njia ipo na ni ya siku nyingi. Ukiingia kijijini usiende kwenye nyumba ya mtu. Nenda ofisi ya kijiji, muulize mtendaji, na kama hayupo uulize kwa mwenyekiti. Toa kitambulisho chako cha NIDA, toa barua, nitaisema hiyo barua hivi punde, andika jina kwenye daftari la wageni. Kisha sema, "Naomba mahali pa kulaza ubavu, hata barazani shuleni, ila ningeshukuru nikiwekwa kwa mama yeyote." Mwenyekiti anajua nani ana nafasi, nani ana mgonjwa ndani, nani hana unga wiki hii. Yeye atachagua. Atakayesema kwake hakuna nafasi atamwambia mwenyekiti, wala wewe hutamwona akisema. Na wewe utalala ukijulikana: kijiji kizima kina habari kwamba upo na uko kwa nani. Ule mlango wa stoo ulisukumwa kwa sababu hakuna mtu wa pili aliyejua kuwa uko nyuma yake.

Fika mapema. Saa tisa alasiri, saa kumi imezidi. Anayefika saa kumi anaonekana anavyofika, na watoto wanamsindikiza mpaka ofisini. Anayefika baada ya magharibi ni kivuli, na watu wa barabara hiyo wana sababu ya kuogopa vivuli. Unakumbuka miaka ya 2016 na 2017 huko Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa kwa risasi, wengine majumbani mwao usiku. Mwenyekiti wa huko akikuuliza maswali marefu kuliko wa Lindi, usione anakudharau. Jibu kila swali.

Kuhusu kulipa fadhila. Usibebe noti za kugawa, beba zawadi ndogo na mikono ya kazi. Ukikaribia kijiji unachotaka kulala, nunua dukani nusu kilo ya sukari, majani ya chai, kipande cha sabuni. Mpe mama mwenye nyumba pale unapoingia, kabla hujakaa, kabla hajawasha moto. Kitu kinachotolewa mlangoni wakati wa kuingia ni zawadi, kikitolewa wakati wa kutoka kinanuka bei. Halafu shika kazi. Watu hupenda kuurusha ule msemo, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," kama kijembe kwa mgeni mzito. Mimi nausikia vingine. Jembe ni heshima, unapewa kwa sababu umeacha kuwa mgeni. Liombe siku ya kwanza. Teka maji, fagia uwanja, pukuchua mbaazi. Wewe ni karani, unajua mizani na hesabu: ukimkuta mkulima ana stakabadhi yake ya ghalani asiyoielewa, kaa naye umsomee makato mstari kwa mstari. Hiyo kwa watu wetu ni zaidi ya kuku.

Hata hao wa mbali unaowaona wakipita Mikindani, wenye akili walijua hivyo. Kuna Mjerumani mmoja, Heinz Stücke, aliondoka kwao 1962 kwa baiskeli akaizunguka dunia kwa miaka 50 hivi. Alichapisha vijitabu vidogo vya habari za safari yake, akawa anaviuza njiani. Alipita milangoni mwa watu na kitu mkononi.

Na pesa? Laki na nusu yako iwe pesa ya usiku ambao mlango haukufunguka. Kila asubuhi kabla hujapanda baiskeli uwe na uwezo wa kulala gesti siku hiyo na kula, na nauli ya basi ya wewe na baiskeli kurudi. Ikishuka chini ya hapo, safari imekwisha, panda basi bila kinyongo. Wema wa watu ukikukuta, shukuru. Ukiuingiza kwenye bajeti utaanza kuwakasirikia watu kwa kukosa kuwa wema, na hapo ndipo msafiri anapogeuka ombaomba kweli.

Sasa Mjomba. Nilisoma maneno yake mara mbili. Ni makali, lakini hayana uongo. Msichana wa hapa akigonga mlango jioni na begi, swali la kwanza ni amefukuzwa wapi. Mzungu haulizwi hivyo kwa kuwa hakuna anayetegemea kuijua familia yake. Wewe wanategemea. Basi wape familia. Hapo ndipo Mjomba anapoingia. Huku kwetu, iwe kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao au Wamakua, mtoto wa dada ni wa mjomba, na ulipoondoka alfajiri ukamwachia ujumbe wa simu ulimvunjia kitu ambacho hata baba mzazi asingekisikia vile. Mwombe radhi kwanza, na isiwe njia ya kuombea ruhusa. Siku nyingine, akiwa anashona wavu wake, kaa chini umwambie unataka kuimalizia safari na unamhitaji. Umwombe muende naye kwa mwenyekiti wa mtaa mkachukue barua ya utambulisho, yenye muhuri, yenye picha yako, yenye kueleza unatoka wapi unakwenda wapi kwa chombo gani, na chini yake jina la Mjomba na namba yake. Kila jioni ukishapokelewa, mpigie na umpe simu mwenyekiti wa kijiji waongee wao kwa wao. Wazee wawili wakishasalimiana, wewe ni mtoto wa watu usiku huo.

Akikataa hata hivyo? Una miaka 27 na sitakwambia uishi kwa hofu yake. Lakini mpe wiki mbili za kulifikiria. Hofu yake ina kazi ya kufanya, mpe kazi hiyo uone.

Barabarani penyewe nitapita haraka, maana mengi utakuwa umeshayaona. Ulichokisikia mgongoni siku ya pili ni kusi. Inavuma kutoka kusini kwenda kaskazini tangu mwezi wa nne au wa tano mpaka wa tisa hivi, kisha inageuka, inakuja kaskazi inayokupiga usoni. Kwa hiyo kama ni kwenda, ni sasa, kabla msimu wa korosho haujakuita mizani na kabla mvua hazijaanza. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyohiyo maeneo ya Somanga na magari yakalala foleni. Baiskeli haina cha kufanya pale. Chukua tyubu mbili mpya na solusheni ambayo umeifungua ukaijaribu nyumbani. Fundi baiskeli hukosi kumpata njiani, lakini wengi wana vipuri vya baiskeli za kawaida kama Phoenix. Tyubu ya baiskeli yako ya gia unaweza usiione mpaka ufike mjini. Kutoka kwenu mpaka Mingoyo kuna malori ya makaa ya mawe na ya saruji, yana haraka na mizigo mizito: vaa kizibao cha kung'aa, na ukisikia lori nyuma na jingine mbele, toka nje ya lami, usishindane.

Lindi hadi Nangurukuru ni zaidi ya kilomita 150. Usijaribu kwa siku moja. Nangurukuru lala gesti, oga, fua, na kama miguu inakubali shuka Kilwa Masoko ukavuke kuangalia magofu ya Kilwa Kisiwani. Ni urithi wa dunia tangu 1981 na ni aibu mtu wa Mikindani kufa bila kuyaona. Kutoka Somanga ondoka alfajiri, maana kipande kile cha pori mpaka Ndundu nataka ukimalize na jua lingali juu, uvuke Daraja la Mkapa mchana, ulale Ikwiriri. Hapo usilale nje kwa hali yoyote, hata kama umechoka vipi. Rufiji simba walikula watu kati ya 2002 na 2004, na tembo hawajui barabara ni ya nani. Tairi likigoma katikati, simamisha basi. Mwenye basi akiuliza kwa nini, mwambie Shangazi amesema.

Nimebakiza kanga.

Uliandika kwamba bodaboda alikupa kipande cha kanga, na katika barua nzima hujasema umekifanyia nini. Nadhani kimekunjwa mahali, na kila ukikiona unasoma hasira ya Bibi. Hebu kitoe. Noti mbili angeweza kumkabidhi kijana mkononi, au kuzifunga kwenye karatasi la daftari la mjukuu wake. Ming'oko ingeingia kwenye mfuko wa nailoni. Bibi ambaye kuku wake wa mwisho umemla wewe hana kanga za kutupa. Na kanga, mwanangu, huuzwa doti, vipande viwili. Kimoja ulicho nacho wewe. Cha pili kiko kwake, na hawezi kujifunga doti kamili mpaka hicho kirudi.

Yule mama hakukufukuza. Mtu aliyekufukuza hakuletei ming'oko ya moto, wala hakuiti mjukuu wangu kupitia kinywa cha mtu wa bodaboda.

Kwa hiyo safari yako ya pili usianzie Mikindani. Panda basi na baiskeli mpaka kijijini kwa Bibi, ufike asubuhi. Mpelekee kuku wawili wa kufuga, tetea na jogoo, wamefungwa miguu, uwaachie uwanjani bila maelezo. Korosho za kwenu kilo moja. Daftari na kalamu za yule mtoto. Zile noti usizitaje kabisa. Kaa naye siku nzima, mkapukuchue mbaazi, ulale usiku mmoja, na safari hii wewe ulale mkekani. Kile kipande cha kanga kifue, kipige pasi, umrudishie mkononi.

Kutoka hapo mpaka darajani Mbwemkuru unapajua. Kusi bado itakuwa inavuma.

Shangazi